Glasi Iliyobadili Bendera

Mwaka 1922 kampuni ya meli ya Marekani iliyoitwa United American Lines ilishusha bendera ya nchi yake kutoka kwenye meli mbili za abiria, Reliance na Resolute, ikapandisha ya Panama. Mwenye mali hakubadilika. W. Averell Harriman, kijana wa kitajiri ambaye baadaye alikuja kuwa balozi huko Moscow na gavana wa New York, alibaki Mmarekani vilevile na biashara yake ikabaki ile ile. Kilichobadilika ni kitambaa tu kule nyuma ya meli. Na sababu kubwa ya kubadili kitambaa hicho, ndugu msomaji, ilikuwa ulabu.

Habari hii niliikuta nikitafuta kitu kingine. Nina riwaya mkononi, mhusika wake mkuu ni kijana wa Temeke anayemimina vinywaji katika baa ya meli ya kitalii. Nilipofika sura ya tatu kalamu ikagoma, kwa sababu sikujua ile glasi anayoimimina inauzwa bei gani na yeye anaambulia nini hapo. Nyie mnaoandika mnanielewa: mhusika usiyejua kipato chake ni mtu wa karatasi. Basi nikaanza kuchimba bei. Nilidhani nitapata orodha ya vinywaji na dola zake, kazi ya mchana mmoja. Badala yake nikajikuta nimerudi nyuma karibu miaka mia mbili.

Julai 1840 meli Britannia ya Samuel Cunard iling'oa nanga Liverpool kwenda Halifax na Boston. Nauli ya kufika Halifax ilikuwa gini 34, ya kufika Boston gini 38, gini moja ikiwa shilingi 21 za Kiingereza. Ndani ya fedha hizo mlikuwa na chakula na mvinyo. Yaani abiria alilipa mara moja akafunga mkoba. Haikudumu. Kufikia katikati ya karne ile matangazo ya meli yalikuwa yakisema kwamba nauli ina chakula, ila haina mvinyo wala pombe kali, navyo vyapatikana humo humo melini. Mtu anaweza kuyapita maneno hayo bila kuyaona. Lakini hebu yatazame tena: vyapatikana melini. Tangu hapo abiria akawa anauziwa mara mbili, kwanza ofisini kabla ya safari, halafu baharini, mahali ambapo hakuna duka la pili la kwenda kuulizia bei.

Kwa mabaharia wa kivita mambo yalikuwa kinyume kabisa. Katika jeshi la majini la Uingereza kilaji kilikuwa posho ya kila siku. Mwaka 1740 Admerali Edward Vernon aliamuru ramu ya kila mtu, nusu painti kwa siku, izimuliwe kwa robo galoni ya maji na igawiwe mara mbili, maana vijana wake walikuwa wakiibugia kavu kavu na kazi zinalala. Kipimo kile kilikuja kuitwa toti, neno lile lile tunaloagizia konyagi hapa mjini. Toti ya mwisho ilinywewa tarehe 31 Julai 1970, na baadhi ya mabaharia siku ile walivaa vitambaa vyeusi mkononi kama wafiwa. Wamarekani wao hawakungoja: meli zao za kivita zilikaushwa tangu tarehe 1 Julai 1914. Kwa hiyo kwa karne mbili na zaidi mwajiri mmoja aliwanywesha watu wake bure ili kazi iende, na mwajiri mwingine, mwenye meli za abiria, alikuwa anagundua kwamba kinywaji hicho hicho kinaweza kuendesha biashara.

Sasa turudi kwa Harriman.

Marufuku ya pombe nchini Marekani ilianza kufanya kazi tarehe 17 Januari 1920, kwa Marekebisho ya 18 ya Katiba yao. Nchi kavu ilikauka, angalau kwa karatasi. Bahari je? Hapo ndipo mawakili walipopata ulaji. Kwa muda meli za Kimarekani ziliendelea kuuza vinywaji zikishafika mbali na pwani, zikijitetea kwamba zisipouza, abiria wote watahamia kwa Waingereza na Wafaransa. Oktoba 1922 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Harry Daugherty, akatoa uamuzi wake: meli ya Kimarekani ni Marekani popote ilipo, hata ikiwa katikati ya Atlantiki, kwa hiyo hairuhusiwi tone. Na meli ya kigeni nayo ikiingia maili tatu kutoka pwani ya Marekani isiwe na pombe ndani, hata iwe imefungiwa stoo.

Fikiri wewe ndiye tajiri wa New York mwenye fedha za kwenda Ulaya. Safari ni kama wiki nzima. Meli moja ina baa, nyingine ina maji ya machungwa. Utakata tiketi ya ipi?

Harriman hakusubiri jibu. Reliance na Resolute zikawa za Panama, na Panama haikuwa na marufuku yoyote. Meli hizo mbili huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kuvaa ile inayoitwa bendera ya kukodi, yaani meli ya mtu wa nchi hii kuandikishwa nchi ile, si kwa sababu ana ndugu huko, bali kwa sababu sheria za huko ni laini. Laini kuhusu pombe, ndiyo. Lakini pia laini kuhusu nani aajiriwe, kwa mshahara gani, kwa saa ngapi.

Sehemu inayonivutia zaidi ndiyo hii. Tarehe 30 Aprili 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Cunard dhidi ya Mellon, Waziri wa Fedha. Mahakama ikasema Daugherty amekosea nusu na amepatia nusu. Meli ya Kimarekani ikiwa nje ya maili tatu haibanwi na marufuku ile, kumbe ingeweza kuuza. Ila meli ya kigeni haiwezi kuingiza pombe ndani ya maili tatu, hata ikiwa chini ya lakiri. Matokeo yake yakawa vituko vitupu. Juni mwaka huo huo maofisa wa New York walipanda meli za Kiingereza Baltic na Berengaria, wakavunja lakiri za serikali ya Uingereza na kubeba chupa. London ikakasirika. Ugomvi ukaisha kwa mkataba wa Januari 1924: Waingereza waruhusiwe kuingia na pombe iliyofungwa, nao Wamarekani waruhusiwe kukamata meli za magendo mpaka umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani.

Lakini angalia Reliance na Resolute. Miezi michache tu baada ya kubadili bendera, mahakama ilikuwa imeshasema kwamba kwa habari ya pombe hapakuwa na haja. Je, zilirudi nyumbani? Hazikurudi. Ziliendelea na Panama hadi mwaka 1926, zilipouzwa kwa Wajerumani wa Hamburg. Pombe ilifungua mlango, mlango ukabaki wazi hata pombe ilipokwisha kuwa kisingizio. Panama yenyewe ikaona hapa pana ngawira: mwaka 1925 ikatunga sheria ya kuwakaribisha wenye meli wa kila taifa. Liberia ikafuata mwaka 1948.

Meli za serikali ya Marekani hazikuifuata ruhusa ya mahakama. Zilibaki kavu kwa ukaidi wa kisiasa, na kubwa lao lilikuwa Leviathan, meli ya Wajerumani iliyotekwa wakati wa vita kuu ya kwanza, ambayo zamani ikiitwa Vaterland. Ilianza safari zake za abiria chini ya bendera ya Marekani tarehe 4 Julai 1923, siku ya uhuru wao, ikiwa na kila fahari isipokuwa moja. Ilikula hasara mwaka baada ya mwaka. Sitasema ni kwa sababu ya pombe pekee, maana ilikuwa meli ghali kuiendesha. Lakini Ile de France, meli ya Wafaransa iliyoanza kazi mwaka 1927, ilikuwa na baa iliyosifiwa kuwa miongoni mwa ndefu kuliko zote baharini, na Wamarekani waliijaza.

Halafu ikaja safari ya kwenda kusikojulikana. Sicheki, ndivyo zilivyoitwa: safari za kwenda popote pale, zisizo na bandari ya kufikia. Mwishoni mwa miaka ya 20 na mwanzoni mwa miaka ya 30, meli zilizokosa abiria wa Ulaya kwa sababu ya mdororo wa uchumi zilichukua watu New York, zikavuka mpaka wa sheria, baa zikafunguliwa, zikazunguka siku chache, zikarudisha watu nyumbani na vichwa vinavyouma. Mauretania, iliyowahi kushikilia rekodi ya kasi ya Atlantiki kwa zaidi ya miaka ishirini, ilipakwa rangi nyeupe na kufanywa ya kutembeza watalii. Berengaria ikapewa jina la utani kwa kuuza tiketi rahisi rahisi. Watu wa fasihi watanisamehe, lakini mimi naona hapo ndipo ulipozaliwa utalii wa meli tunaoujua leo: meli si chombo cha kukufikisha mahali, meli ndiyo mahali penyewe. Na kilichokuwa kikiuzwa pale hasa kilikuwa glasi.

Marufuku ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933. Vita vikaja vikaisha. Mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza kuvuka Atlantiki na meli za abiria zikaanza kufa moja moja, nyingine zikauzwa chuma chakavu.

Mmoja aliyeokota mizoga hiyo ni Ted Arison. Mwaka 1972 alinunua Empress of Canada, meli iliyojengwa mwaka 1961, akaiita Mardi Gras na kuanzisha kampuni ya Carnival huko Miami. Safari ya kwanza, tarehe 11 Machi 1972, meli ilikwama mchangani kabla hata ya kuupa mji kisogo. Abiria waliweza kuona hoteli za Miami kutoka sitahani. Ikakaa pale zaidi ya siku nzima, na wahudumu wa baa, badala ya kulia, wakabuni kinywaji wakakipa jina la utani. Kwa Kiingereza pombe iliyomiminwa juu ya barafu husemwa iko juu ya mawe, na meli iliyopanda mwamba husemwa hivyo hivyo. Basi wakawauzia abiria Mardi Gras juu ya mawe. Mimi nikisoma hapo nilisimama nikazunguka chumba. Meli imekwama, nahodha anahangaika, kampuni inaelekea kufilisika, na mauzo ya baa yanaendelea! Sidhani kuna mwandishi angeweza kuibuni.

Carnival ilijifunza. Tiketi ikafanywa rahisi ili kijana wa kawaida aweze kupanda, halafu fedha zikatafutwa humo ndani: baa, kamari, picha, matembezi ya bandarini. Kampuni mama ikaandikishwa Panama mwaka 1974. Hesabu zake ziko hadharani. Mwaka 2023 kundi lote la Carnival lilipata dola bilioni 21.6, tiketi zilileta bilioni 14.1, na vinavyouzwa melini pamoja na mengineyo vikaleta bilioni 7.5. Si pombe yote hiyo, kamari na matembezi yamo. Lakini zaidi ya theluthi moja ya mapato hupatikana abiria akiwa ameshapanda.

Hapo ndipo kilipoingia kifurushi. Neno hili tunalijua kutoka kwenye simu: unalipa mapema, unatumia mpaka unachoka, na kwa kawaida muda unakwisha kabla hujafaidi. Mwaka 2013 Carnival ilikuwa inaeneza kifurushi chake cha vinywaji kwa karibu dola 50 kwa siku. Leo katika kampuni kubwa za Marekani bei huwa kati ya dola 60 na 100, nyingine zaidi, kutegemea meli na safari, na juu yake huongezwa tozo ya huduma ya asilimia 18 au 20. Sharti lake lina ujanja. Kwa kawaida hununui siku moja. Unanunua safari nzima. Katika kampuni kadhaa, ukinunua wewe, kila mtu mzima mnayelala naye chumba kimoja lazima anunue. Carnival inaweka ukomo wa vinywaji vya kilevi 15 kwa saa 24.

Tupige hesabu, maana shule nilikosa mengi lakini hesabu nilipenda. Dola 60 na asilimia 18 yake ni dola 70.80 kwa siku. Mume na mke, siku saba: dola 991.20. Glasi moja ya pombe iliyochanganywa, tuseme ni dola 12, ukiongeza tozo inakuwa 14.16. Kugawa unapata tano kamili. Maana yake kila mmoja wao anywe glasi tano kila siku, siku zote saba, hata ile siku ambayo meli iko bandarini na wao wako ufukweni, ndipo wawe wamerudisha fedha yao bila faida. Anayekunywa tatu amewalipia wenzake. Na dola 12 kwa glasi si mchezo. Hapa Dar ni kama bia kumi katika baa ya mtaani.

Ndiyo maana watu wazima na akili zao huficha ramu katika chupa za dawa ya kusukutua mdomo, wakaitia rangi ya kijani. Kampuni nyingi humruhusu abiria kupanda na chupa moja ya mvinyo siku ya kwanza, na akitaka kuinywea mezani analipia kufunguliwa. Chupa anayonunua bandarini huchukuliwa mlangoni, anarudishiwa siku ya mwisho. Maofisa waliovunja lakiri kwenye Berengaria wangejisikia nyumbani kabisa.

Na sisi tulioko pwani? Meli hizi hufika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam msimu wake. Wenye vibanda hulalamika kwamba watalii wa meli hutembea sana na kununua kidogo. Sishangai. Mtu aliyekwisha kulipia glasi tano za leo, kiu yake imeshauzwa kabla hajagusa gati.

Nibakie na yule ninayemwandika. Jirani yetu mmoja alirudi likizo baada ya miezi tisa ya kumimina, nami nikampelekea soda na maswali yangu. Alinipa mambo mawili. La kwanza, mshahara wa msingi ni mdogo, kinachomlisha ni mgawo wa ile tozo, kwa hiyo abiria akiamini kwamba kila kitu kimelipwa ndani ya kifurushi, noti ya ziada haipo. La pili ni saa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaruhusu hadi saa 14 ndani ya saa 24, na hadi 72 ndani ya siku saba. Kwetu sisi wa nchi kavu saa 72 ni siku sita za saa kumi na mbili kumi na mbili. Yeye alisema siku ya saba pia huwa ina kazi, zinapunguzwa tu saa. Akidai haki yake, analalamikia wapi? Meli inatoka Miami, yeye ni wa Temeke, bendera ni ya nchi asiyowahi kukanyaga. Vijana wa zamani wa mtaa wetu walizamia meli usiku, wakajificha stoo wakila biskuti. Huyu alipanda kwa mlango wa mbele na mkataba mkononi, na bado hakujua yuko nchi ya nani.

Nilimuuliza kama na yeye hunywa. Akacheka. Chini, karibu na usawa wa maji au chini zaidi, kuna baa ya wafanyakazi, bia yake ni dola chache tu, bei ambayo abiria wa juu hatakaa aione. Lakini hawezi kulewa. Kanuni za kimataifa kwa mwenye wajibu wa usalama melini ni kilevi kisichozidi asilimia 0.05 kwenye damu, na kwenye meli ya abiria mpaka mhudumu wa baa ana wajibu huo, ana namba yake ya mashua ya kuokolea. Kampuni huwapima bila taarifa. Kwa hiyo saa saba usiku, akishamhudumia mteja glasi ya kumi na tano na mashine kukataa ya kumi na sita, huteremka ngazi, huagiza bia moja, na kuinywa polepole huku akitazama saa.